Chakula na Kinywaji cha Mama Anyonyeshaye

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chakol



Wako walioona jina la hotuba hii wakauliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na uji wa mama mzazi? Chama ni mishahara, ni saa za kazi, ni mtu kufukuzwa bila notisi. Swali hilo ni la haki. Twawaomba tu wanaume wasitoke nje kupunga hewa, maana mshahara wao umo katika habari hii, na saa za kazi zimo pia, kama mtakavyosikia.

Tuanze na yale yanayosemwa. Hapa petu mwanamke akijifungua hakosi walimu. Tata ana lake la kusema, kukhu wa upande wa pili ana lake, jirani aliyeolewa kutoka Tororo ana lake, na mwenye duka naye ana lake. Mama asile maharagwe, mtoto atavimba tumbo. Asinywe maji baridi, mtoto atashikwa na homa ya mapafu. Asile pilipili, wala chungwa, wala nanasi, maziwa yatakuwa makali. Kisha yako yale ya kuamrisha: anywe supu ya mifupa, anywe uji wa wimbi sufuria nzima, anywe chai ya maziwa, anywe chokoleti ya kopo kutoka dukani. Wengine watamwambia anywe ajon kidogo, maziwa yatafurika. Wenzetu wa upande wa Mlima Kenya husema njahi. Wenzetu wa pwani, toka Mombasa mpaka Unguja, humpa mzazi uji wenye pilipili manga.

Kila nchi na dawa yake, na kila nchi ina watoto walionyonya wakakua. Jambo hilo peke yake latosha kumfanya mtu afikiri. Ikiwa Mkikuyu apata maziwa kwa njahi, na Mswahili kwa pilipili manga, na Mteso kwa wimbi, basi huenda kinacholeta maziwa si njahi wala pilipili wala wimbi.

Na ndivyo ilivyo. Maziwa huletwa na mtoto. Mtoto anaponyonya, habari yapanda mpaka kwenye ubongo wa mama, na ubongo waachia damuni vichocheo viwili: kimoja cha kutengeneza maziwa, na kingine cha kuyasukuma yatoke. Titi likitolewa maziwa, hutengeneza mengine. Titi likikaa limejaa, mwili waelewa kwamba haja imekwisha, nao wapunguza kazi. Ni kama ghala ambalo mweka hesabu wake hutazama kilichotoka kabla ya kuagiza kingine. Mama mwenye afya ya kawaida, mtoto akiwa ananyonya bila kupewa kitu kingine, hutoa karibu robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku moja, na zaidi kidogo.

Maneno haya yamepimwa. Huko Gambia, katika kijiji cha Keneba, watafiti kutoka Uingereza waliwapa wakulima wanawake waliokuwa wakinyonyesha chakula cha nyongeza kila siku: biskuti zilizotengenezwa kwa njugu na kinywaji cha chai kilichotiwa vitamini. Walipima maziwa kabla na baada, wakachapisha matokeo mwaka 1983. Maziwa hayakuongezeka. Akina mama wenyewe ndio walioongezeka uzito kidogo mwanzoni. Mtu asisikie habari hii akasema, vizuri, basi mama hana haja ya kula. Maana yake ni kinyume kabisa, nasi tutaifikia.

Kwanza tuulize kwa nini watu wazima wenye akili husadiki supu. Tusiwacheke. Tazameni jinsi supu inavyonywewa. Mama mzazi anyweapo supu ameketi. Jembe halipo mkononi, ndoo haiko kichwani. Mama mkwe yupo, mtoto yuko kifuani, na kwa kuwa mama ameketi nusu siku, mtoto ananyonya kila akitaka. Siku ya pili maziwa yamejaa. Supu yapata sifa kwa kazi iliyofanywa na mtoto na kwa mapumziko aliyopewa mama. Wazee wetu walijua dawa; walikosea jina lake tu. Desturi ya kumweka mzazi ndani, kumpikia na kumchotea maji ilikuwa ndiyo dawa yenyewe.

Sasa mchukueni mama yule yule, aliyeajiriwa. Anasafisha vyumba katika nyumba ya wageni Malaba, au ni karani katika ofisi ya kupitisha mizigo Busia, au anafundisha shule. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Muda wa saa 12 titi halikuguswa. Siku ya kwanza linauma, siku ya tatu blauzi imelowa naye anaona haya mbele ya wageni, wiki ya tatu haliumi tena, maana mwili umekwisha kupunguza. Mama anasema, maziwa yangu yamekauka. Jirani anamwambia ni kwa sababu ametembea juani, maziwa yameungua. Au hali vizuri. Jioni anapita dukani kununua kopo la chokoleti, wiki ijayo ni mifupa ya supu, mwezi ujao ni maziwa ya unga. Kila hatua yatoka katika mshahara ule ule. Na lile alilolikosa, yaani nafasi ya kumtoa mtoto kiu au kukamua, haliuzwi dukani.

Ndiyo sababu tumesema mshahara umo. Kila mmoja wenu na ahesabu mwenyewe bei ya kopo, aizidishe kwa miezi.

Maji nayo yana hadithi yake. Mama anyonyeshaye husikia kiu zaidi, mara nyingi pale pale mtoto anaposhika titi. Anywe, na kikombe kiwe karibu. Lakini kujilazimisha kunywa jagi baada ya jagi hakuongezi maziwa. Kwaongeza safari za chooni. Na maji baridi hayampi mtoto mafua. Maji yakifika tumboni hupata joto la mwili, na maziwa hutoka na joto la mwili huo huo, mama awe amekunywa maji ya mtungi au chai ya moto. Kilicho muhimu katika maji ya huku kwetu ni kwamba yawe yamechemshwa au yametiwa dawa.

Maharagwe vile vile. Ile hewa ya maharagwe huzaliwa katika utumbo wa mama na hutokea huko huko, sina haja ya kueleza zaidi mbele ya wazee. Haiingii katika damu ikafika kwenye titi ikawa mapovu. Mtoto mchanga hulia jioni na kujinyonganyonga hata kwa mama ambaye hajaona harage mwaka mzima. Pilipili, vitunguu na ndimu havichomi maziwa. Harufu ya chakula yaweza kupita, kweli. Huko Philadelphia, Marekani, Julie Mennella na Gary Beauchamp walichapisha mwaka 1991 kwamba akina mama walipokula kitunguu saumu harufu ilifika katika maziwa, na watoto hawakukataa. Walikaa kwenye titi muda mrefu zaidi. Wako watoto wachache ambao kitu fulani alichokula mama, hasa maziwa ya ng'ombe, huwasumbua hata kinyesi kikawa na damu. Huyo apelekwe hospitali. Si sababu ya kumnyima kila mama chakula chake.

Na kunyimwa ndilo jambo tunalotaka kukaa nalo kidogo, maana hapa hadithi inageuka kuwa madhara. Katika nchi yetu hii ya magharibi, na ng'ambo ya mpaka, mwanamke amekatazwa vitu vingi tangu zamani. Kwa desturi ya Waluhya mwanamke hakula kuku, na hata leo mahali pengi firigisi ni ya baba, ikikosekana katika sahani ni kesi. Buganda nao walimkataza mwanamke kuku, mayai na nyama ya kondoo. Leo wengi wameacha, lakini mwiko haufi siku moja. Mwaona nyumba ambamo kuku anachinjwa kwa furaha ya mtoto kuzaliwa, wageni wanakula, na yule aliyemzaa anapewa mchuzi na shingo. Kisha anaambiwa asile maharagwe kwa ajili ya tumbo la mtoto. Yai hapana, kuku hapana, harage hapana. Kilichobaki ni ugali wa muhogo na chai. Muhogo ni mkombozi wetu wakati wa njaa, hatuutukani, lakini unashibisha tumbo bila kujenga nyama.

Sasa turudi Keneba. Mama akila vibaya maziwa hayakauki upesi. Mwili wake unayatoa humo humo ndani yake. Kutengeneza maziwa ya siku moja kwahitaji karibu kalori 500 zaidi ya chakula chake cha kawaida. Asipozila, zitatoka katika mafuta na nyama ya mwili wake. Chokaa ya maziwa, asipoila, itatoka katika mifupa yake. Mtoto atanona, na mama atakonda, atachoka, ataumwa mgongo, na kesho asubuhi anatakiwa kazini. Ndugu zangu, tunapojadili mgongo wa mpakiaji wa magunia tunauita jambo la chama. Huu nao ni mgongo.

Tena viko vitu ambavyo mama akivikosa maziwa yenyewe hupungukiwa navyo: vitamini A, vitamini kadhaa za kundi la B, na madini joto. Na vyote vyapatikana sokoni kwetu bila kopo. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo wakulima wengi wa Busia wanavipanda, vina vitamini A kwa wingi, na majani ya kunde, saga, managu na mrenda pia. Omena, anayeliwa na mifupa yake, aleta chokaa na nyama kwa bei ndogo. Mayai, maharagwe, kunde, njugu, simsim, uji wa wimbi. Ndiyo, wimbi ni chakula kizuri sana, lina chokaa na chuma. Tunalikataa kama dawa ya uchawi wa maziwa, tunalikubali kama chakula. Chumvi iwe ile ya pakiti iliyotiwa madini joto. Mlo mmoja au miwili midogo zaidi kwa siku yatosha. Chai asinywe pamoja na chakula bali baada ya muda, maana chai huzuia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini.

Tumefika kwenye ajon, na tunaona wazee wamekaa sawa. Hatukuja Chakol kutukana ajon. Twajua heshima ya chungu na mirija, na twajua kwamba mtoto wa Kiteso hupewa jina mama mzee akimtia tone la ajon mdomoni kwa kidole huku akiwataja waliotangulia. Tunazungumza juu ya mama kunywa bilauri kila siku kwa imani ya kwamba inaleta maziwa. Pombe hupita. Kiasi kilichomo katika damu ya mama ni karibu kile kile kilichomo katika maziwa yake, nacho hutoka katika maziwa kadiri kinavyotoka katika damu, si kabla. Wale wale Mennella na Beauchamp walipima jambo hili pia, mwaka 1991: mama alipokunywa pombe, mtoto alinyonya maziwa machache kuliko siku ya kawaida. Basi kinywaji kinachosifiwa kwa kuongeza kinapunguza. Kama mama amekunywa kidogo sherehani, angoje muda wa saa 2 au 3 kwa kipimo kimoja kidogo, na zaidi kama amezidisha. Na ajon haina karatasi ya kueleza ukali wake. Na mama mlevi asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Jambo lingine la pombe halisemwi sana. Mahindi yaliyooza, ambayo hayafai kwa ugali, mahali pengi hayatupwi. Hutengwa kwa pombe au kwa kuku. Kuvu ya mahindi na njugu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwashika watu 317 katika Ukambani, wakafa 125. Sumu hii haifi kwa kupikwa, na mama akiila sehemu yake hupita katika maziwa. Mtaona maajabu: mama amekatazwa chungwa zuri, na hakuna aliyemkataza njugu yenye ukungu. Kama mnataka mwiko, uwekeni hapo. Mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, na njugu chungu au iliyokunjamana itupwe. Na zile dawa za mitishamba za kuongeza maziwa, zinazouzwa bila jina, mama aulize kliniki kabla hajazimeza.

Mtu atauliza, nitajuaje kwamba maziwa yanatosha? Si kwa ukubwa wa titi wala kwa kilio. Mtoto akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mizani ya kliniki ikapanda, yanatosha.

Sasa tuje kwenye saa za kazi. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mtoto anyonye tu, bila maji wala uji, muda wa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mama likizo ya miezi 3 na mshahara kamili, na baba wiki 2. Toeni 3 katika 6. Hiyo miezi 3 iliyobaki ndiyo inayojazwa na makopo na hadithi. Uchunguzi wa taifa ulionyesha kwamba watoto wa Kenya walio chini ya miezi 6 wanaonyonya tu walikuwa asilimia 32 mwaka 2008 na 2009, wakafika 61 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakawa 60. Walipanda sana, kisha wakasimama. Sisi twaona mafundisho yamefika. Nafasi ndiyo haikufika.

Na nafasi imo katika sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, yamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, penye maji ya kunawa mikono, kiti, meza na chombo cha kuweka baridi. Tena yampa mama muda wa kunyonyesha mbali na muda wa chakula, usiozidi saa moja katika kila saa 8 za kazi, nao huhesabiwa kuwa kazi na kulipwa. Wala si jambo jipya la kizungu lililoletwa jana. Mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliokutana Washington mwaka 1919, ulikwisha kuandika nusu saa mara 2 kwa siku kwa mama anyonyeshaye. Ilichukua karibu miaka 100 kufika katika kitabu chetu cha sheria. Tusingoje miaka mingine 100 itoke kitabuni ifike Malaba.

Tunajua mtakalosema: wengi wetu ni vibarua. Someni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Mama wa sokoni hana mwajiri wa kumwandikia barua, hilo ni kweli, lakini kamati ya soko yaweza kudai banda lenye kivuli, maji na mlango.

Wakati tunapodai, mama asikae bure. Anyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu anaporudi, na usiku anyonyeshe sana, maana usiku kile kichocheo cha kutengeneza maziwa huwa juu zaidi. Mchana akamue, hata mara 2, kwa mkono ulionawiwa, katika chombo safi chenye kifuniko. Kwa joto la huku kwetu maziwa hayo yakae kivulini muda usiozidi saa 4. Kwenye friji yatakaa siku 4. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe. Na baba achote maji.

Katibu anazo nakala za vifungu vya 29, 37, 71 na 72 kwa Kiswahili, karatasi moja pande mbili. Kila mwakilishi wa kituo achukue zake kabla ya kuondoka, na aandike upande wa nyuma akina mama wangapi kituoni kwake wana watoto walio chini ya mwaka mmoja, na kama pana chumba. Majina yasiandikwe, hesabu tu. Karatasi zirudi kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, maana hesabu hizo ndizo tutakazokwenda nazo kwa waajiri. Sasa maswali, na tungependa akina mama wa sokoni Malaba waanze.